Tarishi Haulizi Mapokezi

3 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mimi mjomba wako, mtu wa miaka sabini na minane, niliyewazika wakurugenzi wanne niliowatumikia, nikaziona lifti mbili zikifa, nikaliona jengo lenyewe likibomolewa, na meno ya juu nayo yakanitangulia. Mimi bado nasimama. Wengine wote wamekaa au wamelala.

Hatujambo. Mama yako hajambo, cherehani yake imepona na sare za shule zinatoka kama kawaida. Chumba changu na chake bado vinatazamana hapa uani na chai inafika ikiwa ya moto. Paka wa jirani amezalia ndani ya sanduku la viatu vyangu vya kazi. Nimemwachia, maana miguu imevimba kidogo, si kwa ugonjwa, ni kwa heshima ya kazi iliyofanya.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mama yako anasema umepewa kazi ya kupima miito ya maktaba. Mwanangu, nilicheka mpaka paka akatoka. Maktaba naijua, kwetu ofisini ilikuwa ghorofa ya tatu, na mwito humo ulikuwa mmoja tu: nyamaza. Ulisomeshwa miaka yote ile ukapime kelele za watu maktaba? Mwambie mkubwa wako abandike kibao, aokoe mshahara wako.

Lakini kama ni miito kweli, basi umebisha hodi kwa mwenyewe. Matarishi wenzangu wakipewa faili walikuwa wanapitia kwanza mapokezi. Samahani mama, karani wa mishahara siku hizi yuko chumba gani? Naye mama alambe kidole, afunue kitabu, apige miayo. Mimi sikuuliza mtu hata siku moja. Vyumba vyote vilikuwa kichwani. Nilikuwa na msemo wangu: tarishi haulizi mapokezi. Walipoleta lifti nikashindana nayo kwa ngazi, nikaishinda, na Fundi Lifti, aliyekuwa akiitunza, ana haya mpaka leo.

Huyo Fundi Lifti alikuja hapa juzijuzi. Kanyoa, shati limepigwa pasi, kifungo cha juu hana kama alivyokuwa hana tangu ujana wetu. Alileta maneno. Nikamwambia nitayafikisha panapohusika. Ni upuuzi, wewe hayakuhusu.

Ni mimi mjomba wako, Tarishi Mkuu Mstaafu (cheo nimejipa mwenyewe, waliopaswa kunipa wamekufa).


21 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imenyooka kama umeileta mwenyewe kwa ngazi. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, dirisha lake linatazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Umpe pole paka kwa uzazi, na miguu yako uiweke juu ya kiti ukikaa, hata kama ni ya heshima.

Maktaba ya kwetu si ya vitabu, mjomba. Tunatengeneza programu za kaunta za maduka: ya risiti, ya kuhesabu mzigo stoo, ya mishahara. Zote zinahitaji kazi ndogondogo zilezile: kujua tarehe, kukokotoa kodi, kuzungusha senti ziwe shilingi kamili. Kazi hizo tumeziweka mahali pamoja, na mahali hapo ndipo tunapaita maktaba. Programu ikihitaji kazi, inaita.

Sasa fikiria jengo lako. Kuna mwito tuli: kila ofisi inapewa karani wake wa tarehe, anakaa humohumo ndani, na mlango wake umejulikana tangu siku jengo linajengwa. Na kuna mwito badilifu: karani wa tarehe ni mmoja kwa jengo zima, anaweza kuhamishwa chumba, na anayemtaka humtuma tarishi. Mara ya kwanza tarishi hupitia mapokezi. Akishaelekezwa, anaandika namba ya chumba kwenye kijikaratasi mlangoni, na kuanzia hapo anakitupia jicho tu na kwenda.

Maduka yanalalamika kwamba kaunta zimekuwa nzito na foleni zinafika nje. Mkuu wetu, tunayemwita Mkuu wa Kasi kwa kuwa ndivyo kibao cha mlango wake kinavyosema, kibao chenyewe kilichukua miezi kufungwa, amesikia safarini kwamba mwito tuli ndio wa haraka. Amenipa mimi kazi ya kupima. Wakati napima, yeye ameshachapisha fulana za kusherehekea majibu.

Nimepima. Mwito badilifu unachelewa kweli mara ya kwanza. Baada ya hapo tofauti ni kule kutupia jicho kijikaratasi tu. Tarishi akiwa amebeba mzigo wa mafaili, jicho hilo halina uzito. Ila ukimtuma kuuliza tu leo ni siku gani, akarudi, ukamtuma tena kuuliza leo ni siku gani, hapo utaona macho yanachosha kuliko mizigo.

Mjomba, na yale maneno ya Fundi Lifti yalikuwa yanakwenda kwa nani? Mama aliniambia kwenye simu kwamba cherehani ilitengenezwa na fundi mmoja aliyekuwa akija kila Jumamosi kuitazama, hata baada ya kupona. Sasa haji. Alipotamka "haji" akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Mpwa wako.


16 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imekaa posta wiki nzima. Zamani barua ikikaa vile, tarishi alikuwa anaitwa ofisini akajieleze. Siku hizi hata wa kumwita hayupo.

Hatujambo. Paka wamefumbua macho. Mama yako anashona tu, amekuwa mkimya kidogo, nadhani ni vumbi la vitambaa.

Nimesoma maneno yako mara mbili, na naona mkuu wako ana akili kuliko nilivyomdhania. Mwito badilifu, jina lenyewe tu linatosha. Mtu badilifu hata mke hapewi. Lakini mimi si mtu wa kusema bila ushahidi, kwa hiyo nami nimepima. Asubuhi nilikaa kitandani nikaita kwa mwito tuli: "Dada, chai!" Chai ikaja, inatoa moshi. Kesho yake nikatumia mwito badilifu. Nikamtuma Mama wa Mlangoni, yule jirani anayekaa kwenye kigoda pale langoni akijua habari za kila mtu, amtafute dada yangu popote alipo amwambie nataka chai. Kwanza aliniuliza nimelalaje. Halafu akanisimulia mguu wake, halafu mguu wa binti yake. Chai ilipofika ilikuwa baridi kama macho ya mhasibu. Basi tuli imeshinda, na kwa mbali. Mpelekee mkuu wako vipimo hivi, na jina langu liwe juu.

Fundi Lifti amerudi tena. Aliuliza kama ujumbe wake ulifika. Nikamwambia ujumbe uko njiani. Tarishi hasemi uongo: uko njiani, na njia ni mimi, na mimi nimekaa. Akasimama pale anaukunja na kuukunjua mfuko wa plastiki, akaaga. Sikumkaribisha kiti. Mimi sijasahau siku moja niliyopanda lifti yake kwa kumheshimu mkurugenzi, ikakwama kati ya ghorofa, mkurugenzi akalia machozi begani kwangu na kesho yake akanichukia.

Tena mama yako hana nafasi ya mambo. Ana cherehani yake, ana mimi.

Mjomba wako, Tarishi Mkuu.


9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nafurahi paka wanaona. Mimi nina mafua na fulana mpya.

Fulana imeandikwa TULI NI KASI. Ripoti yangu Mkuu wa Kasi hakuisoma, alisema ataiweka kwenye maktaba, na safari hii alimaanisha kabati. Kila programu ikapewa makarani wake wote ndani kwa ndani. Siku ya uzinduzi tulipiga makofi, tukapigwa picha.

Sasa nikwambie jengo lilivyo. Kompyuta za madukani ni za zamani na nafasi yake ni ndogo. Kila chumba sasa kina karani wa tarehe, karani wa kodi, karani wa senti, na wote wamekuja na meza zao. Korido hazipitiki. Ili mmoja aingie, mwingine lazima atolewe nje na meza yake, kisha arudishwe. Foleni za maduka zimekuwa ndefu kuliko mwanzo. Halafu tukagundua karani wa senti ana kosa, anazungusha upande wa kumpunja mnunuzi. Angekuwa mmoja ningemrekebisha asubuhi, mchana jengo zima limepona. Sasa nazunguka programu moja baada ya nyingine namwamsha kila karani pacha nimfundishe upya, na wengine sijui hata walipofichwa. Mkuu anasema huo unaitwa ukaribu na mteja.

Vipimo vyako nimevisoma ofisini, watu wamecheka na wamekusalimia. Ila mjomba, katika vipimo vyote viwili aliyesimama kwenye jiko, akachemsha, akavuka ua na kikombe, ni mama yangu. Ule mwito wako wenye kasi ni ule ambao yeye ndiye anakimbia.

Sasa niseme, na unisamehe kama nakosea. Nadhani yule fundi wa cherehani ndiye Fundi Lifti, maneno yake ni posa, na anayeposwa ni mama. Amekuja kwako kwa adabu, kwa kuwa wewe ndiye kaka. Mama naye kwa adabu anangoja alisikie neno hilo kutoka kwako, hawezi kulitangulia. Wote wawili mlangoni kwao wamebandika kijikaratasi chenye jina lako, na kila wakiita wanaishia kwako. Mama anadhani fundi kabadili nia. Fundi anadhani kimya chako ndilo jibu la mama. Mama ni mjane wa siku nyingi, mjomba. Na tangu nikiwa mdogo sijamsikia akinyamaza vile kwa ajili ya cherehani.

Naweza kumpigia simu sasa hivi. Sitaki kukuruka. Ndiyo maana nimeandika barua.

Mpwa wako.


30 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mvua inanyesha. Paka mmoja amechukuliwa na mtoto wa muuza mkaa, waliobaki hawajali. Pole kwa mafua, unywe maji ya moto.

Barua yako nimeisoma, ila ukurasa wa mwisho sikuusoma vizuri, mwanga ulikuwa hafifu. Karatasi nayo inaniishia, ndiyo maana naandika kifupi.

Nina swali moja la kitaalamu tu, mtu mwenye akili hachoki kujifunza. Huyo karani wa pamoja, akihamishwa chumba, sasa yule aliyezoea kuletewa chakula na yeye, nasema kuhudumiwa, tangu zamani, kwa mwito mmoja tu kutoka kitandani, anakuwaje? Nauliza kwa faida ya ofisi yenu.

Mjomba.


18 Mei

Mjomba wangu, shikamoo sana.

Karatasi yako ilikuwa na nusu nzima tupu chini, nimeikata naitumia kukujibu.

Kwa faida ya ofisi yetu: karani hafi, mjomba. Anahama chumba tu. Aliyezoea kumwita anauliza mara moja kahamia wapi, anaandika kijikaratasi chake, kesho yake anakwenda moja kwa moja. Siku ya kwanza ni ndefu, sikufichi. Zinazofuata ni za kawaida. Mwito unaharibika pale tarishi anapokwenda chumba cha zamani, akakikuta kitupu, akaona haya kuuliza, akarudi kusema hakuna karani tena duniani.

Kwetu mambo yametulia. Nilikaa nikaisoma ile programu ya risiti kuanzia juu mpaka chini. Kumbe kwa kila mstari, unga, sabuni, chumvi, ilikuwa inauliza upya leo ni tarehe ngapi, kama vile kati ya unga na sabuni kungepambazuka. Nikaifanya iulize mara moja tu mwanzoni. Makarani tukawarudisha kwenye maktaba ya pamoja, foleni zikapungua. Wala shida haikuwa tuli wala badilifu, ilikuwa ni kuuliza lilelile bila kusikiliza jibu. Mkuu wa Kasi ameshachapisha fulana mpya, ULIZA MARA MOJA, na ameniambia wazo lilimjia akiwa bafuni.

Mama aliniuliza kwenye simu kama samawati bado inamfaa. Nikamwambia inamfaa. Sikuuliza ni nguo ya nini, naye hakusema. Mimi sijamwambia neno, nimekuachia wewe. Lakini mama ni mtu mzima, mjomba, na ana miguu.

Mpwa wako.


2 Julai

Mpwa wangu mpenzi, marahaba nyingi,

Nimekawia kwa sababu za kikazi. Hatujambo wote, na utaona "wote" imeongezeka. Nakueleza jinsi nilivyolimaliza lile jambo, ili usije ukalisikia limepinda kutoka kwa watu wa langoni.

Barua yako ya Mei niliisoma kwenye mwanga mzuri. Asubuhi moja nikaamka, nikavaa koti langu la kazi, vifungo vyote, nikasema leo ujumbe unafika. Nikavuka ua. Ule ua ni mpana kuliko mnavyoudhania nyie vijana. Nikabisha kwa mama yako. Nikachungulia dirishani: cherehani imefunikwa, jiko halina moto.

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi vyumba vyote viko kichwani. Nikaenda dukani anakonunua nyuzi, hayupo. Nikaenda shuleni anakopeleka sare, mlinzi akanitazama miguu. Nikaenda kwa mwenye duka la vitambaa, akasema alipita siku nyingi kuchukua kitambaa cha samawati. Jua likapanda. Miguu nayo ikaanza kuniheshimu kupita kiasi. Nikarudi, nikakuta yaleyale, mlango umefungwa, na nikakaa kwenye ngazi yake kidogo. Nikakumbuka neno lako la tarishi na chumba kitupu. Sikulipenda neno lile. Lakini nililikumbuka.

Nikaenda langoni. Mama wa Mlangoni alikuwa anachambua maharage. Nikamuuliza, dada yangu yuko wapi. Akaweka ungo chini.

"Miaka yote unapita hapa kama umebeba nchi," akasema, "leo ndiyo unaniuliza kitu?"

"Nimeuliza. Jibu."

"Kwanza umelalaje?"

Nikamwambia nimelala vibaya. Sijui kwa nini nilimwambia. Akanitazama, akasogea kwenye kigoda nikapata pa kukaa, akaniambia taratibu dada yangu yuko kwa Fundi Lifti, kwamba anakwenda huko tangu mvua zilipokatika, kwamba mtaa mzima unajua isipokuwa mimi na paka, na kuhusu paka hana uhakika. Akanielekeza: pita karakana ya vyuma, kata kushoto penye bomba, mlango wa kijani.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Mama yako amekaa pale na sindano, amevaa samawati, anamshonea yule bwana kifungo cha juu shati likiwa mwilini, na yule bwana ameinua kidevu kama mtoto anayenyolewa. Mpwa wangu, nimeingia ofisi za wakurugenzi wanne bila kutetemeka.

Nikasimama wima, nikasema, "Nimeleta ujumbe."

Mama yako hakuinua macho. "Kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwa huyu."

"Kwenda kwa nani?"

"Kwako."

Akakata uzi kwa meno. "Kaka, umechelewa. Nilishajibu."

Fundi Lifti hakucheka, na hilo nimemhesabia. Alinipa kiti. Kiti kizuri, ametengeneza mwenyewe kwa mbao za ile lifti ya pili. Nikausema ujumbe wote, kama nilivyopewa mwanzoni mwa mwaka, sikupunguza neno. Alipousikia, mama yako akageuza uso dirishani kwa muda, akasema kumbe ulikuwa mzuri hivyo. Basi ungekuja mapema ungeharibika, mimi ndivyo ninavyoona.

Sherehe ilikuwa ndogo, nawe picha ulipata. Sasa anakaa mlango wa kijani. Siku ile ile ya kuhama nilimwita kutoka kitandani, kwa mazoea tu, na chumba cha mbele kikaniitikia kwa mwangwi. Baadaye akaja mwenyewe kuchukua cherehani, akaniambia sahani yangu ipo kila mchana, pamoja na zao, sufuria moja; ila haivuki mtaa, niifuate.

Nikafuata. Siku ya kwanza, nakwambia ukweli wa kitaalamu, nilisahau penye bomba ni kushoto au kulia, ikabidi nipitie tena kwa Mama wa Mlangoni, na mguu wa binti yake nikausikia wote. Nilifika chakula kimepoa. Siku ya pili nilimpungia mkono tu nikapita. Sasa hata bomba silitazami. Andika hilo kwenye vipimo vyako, na kama mkuu wako atachapisha fulana, mimi navaa kubwa.

Miguu inapungua uvimbe. Fundi anasema ni kutembea. Mimi nasema ni heshima imesambaa.

Haya ndiyo yaliyotokea. Ukiona nimeongeza chumvi, muulize Mama wa Mlangoni, ingawa ataanza na ulivyolala. Asipotosha, muulize shemeji yangu, Fundi Lifti, ambaye sasa kifungo chake cha juu kimefungwa kila siku ya Mungu. Atakwambia mwenyewe ujumbe wake ulifika, na aliyeufikisha ni mimi.

Mjomba wako,
Tarishi.